Gunpei Yokoi, fundi aliyeanza na bei kabla ya mashine

Mjini Bukavu, vijana wengi wanaijua kazi ya Gunpei Yokoi kuliko jina lake. Kile kitufe cha msalaba, kinachobonyezwa kwa kidole gumba cha kushoto kwenye mashine za michezo ya video, alikibuni yeye mwaka 1982. Lakini kilichombadilishia Nintendo bahati yake ni namna alivyoiangalia bei.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya karata. Alitunza mashine za kutengenezea karata hizo. Nafasi alikuwa nayo, akajitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kushika vitu vya mbali. Mkurugenzi Hiroshi Yamauchi akauona, na badala ya kumgombeza akaamuru uuzwe. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja zikanunuliwa.

Tangu hapo alishika msimamo ambao wahandisi wengi wangeuonea haya: kukaa mbali na teknolojia mpya kabisa. Kipuri kipya ni ghali, na kasoro zake bado hazijajulikana. Kile cha zamani viwanda vimeshakizoea, bei imeshuka. Mwaka 1980 alichukua skrini za vikokotoo vya mfukoni, zilizokuwa zimeshakuwa rahisi, akaunda Game & Watch. Kwa miaka iliyofuata ziliuzwa zaidi ya milioni 40.

Tarehe 21 Aprili 1989 ikatoka Game Boy kwa yeni 12,500. Marekani ilianza kwa karibu dola 90. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa. Mwaka huohuo Atari ilileta Lynx yenye rangi, kwa karibu dola 180, na Sega ikafuata na Game Gear, iliyofika Marekani mwaka 1991 kwa karibu dola 150. Mashine hizo mbili zilikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia nne na kupita saa kumi.

Mtu wa Bukavu, aliyezoea umeme wa SNEL unaokuja na kuondoka, hahitaji kuelezwa sana hapo. Anayenunua redio Kadutu huuliza pia inakula betri ngapi. Game Boy na ndugu yake yenye rangi iliyotoka 1998 zilifikia karibu milioni 119.

Wengine walichagua njia tofauti: kuuza mashine kwa hasara siku ya kwanza, kisha kurudisha pesa kupitia michezo, kama dekoda ya televisheni inayouzwa rahisi halafu abonema inalipwa kila mwezi. Sony ilifanya hivyo na PlayStation 3 mwaka 2006. Njia hiyo inataka kampuni yenye mfuko mzito.

Yokoi naye aliwahi kukosea hesabu. Virtual Boy ya mwaka 1995 ilitumia taa nyekundu kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi, lakini Marekani ilianza kwa karibu dola 180, mara mbili ya Game Boy. Mchezaji aliinama peke yake, macho ndani ya mashine, na wengine waliumwa kichwa. Bei ilipunguzwa bila msaada. Hazikufika hata milioni moja.

Agosti 1996 aliacha Nintendo baada ya miaka 31 na kuanzisha kampuni yake, Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997, gari alimokuwa liligongana kidogo na lingine barabarani. Aliposhuka kuangalia, gari jingine likamgonga. Alifariki akiwa na miaka 56. Mashine yake ya mwisho, WonderSwan, Bandai iliitoa Machi 1999 kwa yeni 4,800. Ilitumia betri moja.

Mwaka mmoja baadaye Sony ilitoa PlayStation 2 kwa yeni 39,800. Simu, kompyuta na mashine za michezo ziligombania tantali kwa wakati mmoja, na bei ya koltani ikapanda takribani mara kumi kabla ya mwisho wa 2000. Kivu, watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka.