Burt Munro: Mtoto wa mkulima aliyejiundia vipuri badala ya kununua

MWAKA wa 1920, kijana mmoja wa New Zealand alinunua pikipiki aina ya Indian Scout iliyoundwa Marekani. Injini yake ilikuwa ya cc 600 na kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 89 kwa saa.

Miaka 47 baadaye, mtu huyo huyo, sasa akiwa mzee wa miaka 68, aliikalia pikipiki hiyo hiyo na kuiendesha kwa wastani wa zaidi ya kilomita 295 kwa saa. Sehemu kubwa ya vyuma vilivyokuwa vikizunguka ndani ya injini alikuwa amevitengeneza kwa mikono yake.

Herbert James Munro, anayejulikana zaidi kama Burt, alizaliwa Machi 25, 1899, mjini Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Alilelewa katika shamba la babake eneo la Edendale. Tangu utotoni alipenda mbio, na alikuwa akimpanda farasi mwenye kasi kuliko wote pale shambani hata babake alipolalamika.

Alianza kuifungua na kuibadilisha Scout yake mwaka wa 1926. Kisha mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamrudisha shambani kwa babake. Alipopata tena kazi, ilikuwa ya kuuza pikipiki na kuzirekebisha. Alishiriki mashindano kwenye ufuo wa Oreti karibu na kwao, na hata Melbourne nchini Australia.

Mshahara wake ulikuwa wa kawaida tu. Kuagiza fundi mtaalamu amtengenezee pistoni maalumu ni gharama ambayo hangeimudu kila mara, kwa hivyo alizisubu mwenyewe: aliyeyusha madini na kuyamimina kwenye makopo makuukuu. Silinda na magurudumu mazito ya kranki pia alijiundia. Kifaa chake cha kupimia, mahali ambapo karakana za kisasa hutumia maikromita, kilikuwa spoki kuukuu ya gurudumu.

Konrodi, yaani ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, alizichonga kutoka kwa ekseli ya trekta ya Caterpillar. Hapa hakubahatisha. Ekseli ya trekta ni chuma kigumu kilichoundwa kuvumilia mateso ya shambani, na kikishatupwa huwa hakina bei kubwa. Mtu aliyekulia shambani angejua chuma cha aina hiyo kinapatikana wapi.

Usiku alikuwa gerejini, na mara nyingi kulipopambazuka alikwenda kazini bila kulala. Saa hizo hazina risiti, na hapo ndipo hesabu za wanaojiundia vipuri hupotoka. Huandika bei ya chuma na makaa, halafu hujisifu kwamba wameokoa pesa. Munro alimwoa Florence Beryl Martyn mwaka wa 1927, wakajaliwa watoto wanne, na wakatalikiana mwaka wa 1947. Aliacha kazi na kuhamia kwenye gereji, akalala mle mle mlimokuwa na pikipiki zake. Sitadai kwamba injini ndiyo iliyovunja ndoa, lakini anayetaka kujua gharama kamili ya kazi ile hawezi kuuruka ukurasa huo.

Gharama nyingine ilikuwa uharibifu. Injini ikizunguka kwa kasi maradufu, nguvu inayoivuta na kuisukuma konrodi huongezeka mara nne. Kipuri kilichotosha kwa kilomita 89 hakina nafasi kwa kilomita 200. Pistoni zilipasuka, konrodi zikakatika. Munro hakuvitupa vyuma hivyo. Alivipanga kwenye rafu ukutani, akaandika kwamba ni sadaka kwa mungu wa kasi.

Kwa maoni yangu, rafu ile ilikuwa maabara yake. Anayenunua kipuri kutoka kwa mtengenezaji wa kuaminika hulipia majaribio yaliyofanywa na wengine: chuma kilichopimwa na kukaushwa kwa joto linalofaa, na vile vilivyovunjika kiwandani kabla ya kimoja kufika dukani. Munro alilipia majaribio yake mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa zaidi ya miaka 40.

Je, kwa nini hakununua hata baadaye? Umaskini ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni soko.

Wakati huo huo, huko California, Vic Edelbrock alikuwa ameanza kama yeye. Mnamo 1938 alinunua gari la Ford la mwaka wa 1932 na kulibunia bomba jipya la kugawia silinda hewa na mafuta. Wenzake wakataka la kwao, naye akaanza kuwauzia. Edelbrock alipofariki mwaka wa 1962, aliacha kampuni yenye jina katika biashara ya vipuri vya kuongeza nguvu za injini.

Tofauti ni kwamba injini za Ford zilikuwa barabarani kwa wingi mno, kwa hivyo gharama ya kalibu moja iligawanywa kwa wanunuzi wengi. Scout ya 1920 ingegawanya gharama hiyo na nani? Kiwanda cha Indian kilisitisha uzalishaji mwaka wa 1953. Hakuna mfanyabiashara ambaye angetengeneza kalibu kwa ajili ya mteja mmoja aliyelala gerejini. Mwenye pampu au mashine ya kusaga ya aina inayouzwa kila mji hayuko katika hali ya Munro. Yeye anaweza kununua pistoni iliyo tayari na kurudi kazini kesho.

Mwaka huo wa 1962, Munro alifika na pikipiki yake kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Injini ikiwa imepanuliwa hadi cc 850, aliweka rekodi ya takriban kilomita 288 kwa saa. Alivunja rekodi nyingine mwaka wa 1966. Mwaka wa 1967, injini ikiwa imefika cc 950, aliweka ile ya kilomita 295 katika daraja la pikipiki za chini ya cc 1,000.

Aliugua kiharusi mwaka wa 1977, akaziuza pikipiki zake kwa mfanyabiashara wa Invercargill ili zisiondoke nyumbani. Alifariki Januari 6, 1978. Filamu kuhusu maisha yake, The World's Fastest Indian, ilitoka mwaka wa 2005, Anthony Hopkins akiigiza kama yeye.

Mnamo 2014, chama cha waendesha pikipiki cha Marekani, AMA, kiliisahihisha rekodi ya 1967. Mwanawe, John, alikuwa amegundua kwamba wastani ulikokotolewa vibaya. Kasi sahihi ilikuwa takriban kilomita 296.