Lina Bo Bardi: Kutoka Kurasa za Jarida hadi Baraza la Jiji

Aghalabu wasanifu wa majengo hukumbukwa kwa majumba waliyoyasimamisha. Achillina Bo, ambaye ulimwengu ulikuja kumfahamu kwa jina la Lina Bo Bardi, aliingia katika taaluma hiyo wakati ambapo nchi yake ilikuwa karibu kubomolewa. Hivyo basi, miaka yake ya mwanzo hakuipitisha katika matope ya viwanja vya ujenzi, bali katika vyumba vya wahariri, akichora, akiandika na kupanga kurasa za majarida yaliyohusu nyumba na upambaji wake. Ni kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya ameona inafaa maisha yake yasimuliwe katika jarida la wanafunzi, watu ambao nao huwa na kurasa kabla ya kuwa na kitu kingine chochote.

Alizaliwa mjini Rome tarehe 5 Desemba 1914. Baba yake, Enrico Bo, alikuwa mjenzi na mpenzi wa uchoraji, na binti akarithi yote mawili. Alisomea usanifu wa majengo katika mji huo huo, enzi za Mussolini, wakati ambapo walimu wakuu wa chuo walizitukuza nguzo na matao ya Rome ya kale, na serikali ya Kifashisti ikapendezwa na utukufu huo. Alihitimu mwaka 1939. Mradi wake wa mwisho haukuwa kasri wala mnara wa ushindi. Ulikuwa kituo cha kuwahudumia akina mama na watoto wachanga. Si vyema kulikuza jambo hili kupita kiasi, kwani mradi wa mwanafunzi ni mradi wa mwanafunzi. Hata hivyo, anayeyajua majengo yake ya uzeeni hatashangaa kuusikia.

Baada ya kuhitimu alihamia Milan, mji wa viwanda na wachapishaji. Huko alikuwako Gio Ponti, msanifu ambaye mwaka 1928 alikuwa ameanzisha Domus, jarida lililopewa jina la Kilatini lenye maana ya nyumba. Domus liliwafunza wasomaji wa tabaka la kati jinsi ya kuishi katika nyumba za kisasa: meza iwekwe wapi, taa iangaze nini, chumba kidogo kifanyweje kiwatoshe watu wanne. Mwaka 1941 Ponti aliliacha na kuanzisha jingine, Stile, na Lina, akishirikiana na msanifu mwenzake Carlo Pagani, akawa miongoni mwa waliolitumikia. Alichora kwa rangi za maji, akaandika vifungu, akabuni vyumba ambavyo vilikuwako kwenye karatasi tu. Aliandikia pia majarida ya akina mama, ambako ilimbidi aeleze mambo ya ujenzi kwa lugha ya mtu asiyewahi kushika ramani. Mafunzo ya aina hiyo hayatolewi chuoni. Mhariri hujifunza haraka kwamba msomaji asiyeelewa hufunua ukurasa unaofuata.

Italia ilikuwa imeingia vitani Juni 1940. Mwezi Agosti 1943 ndege za Waingereza ziliushambulia mji wa Milan usiku baada ya usiku, na mwaka huo ofisi ya Lina ikateketea kwa mabomu. Mwaka uliofuata yeye na Pagani walikabidhiwa uhariri wa Domus lenyewe. Hebu msomaji aitafakari hali hiyo: mwanamke asiyetimiza miaka thelathini, asiye na jengo hata moja alilolijenga, anahariri jarida la nyumba katika nchi ambayo nyumba zake zinaanguka. Yapo maswali ambayo hayakwepeki. Je, kumshauri mtu kuhusu kochi ilhali paa lake limekwenda si dhihaka? Na kama si dhihaka, ushauri huo una kazi gani?

Kwa maoni yangu, maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jitihada ya kuyajibu maswali hayo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alizunguka Italia pamoja na Pagani na mpigapicha Federico Patellani, wakiyaandika na kuyapiga picha maangamizi. Mwaka 1946, akiwa na Pagani na mwanahistoria wa usanifu Bruno Zevi, alitoa jarida lililoitwa A tu, herufi moja, lililokusudiwa kuipeleka mijadala ya makazi kwa watu wa kawaida badala ya kuiachia wanunuzi wa samani za bei ghali. Halikumaliza mwaka. Wanaojua gharama ya karatasi na uchache wa wasomaji wanaolipa hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka huo huo aliolewa na Pietro Maria Bardi, mwandishi na mfanyabiashara wa kazi za sanaa aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wake. Wakapanda meli kwenda Brazil, wakafika Rio de Janeiro mwezi Oktoba. Tajiri wa magazeti, Assis Chateaubriand, alimwomba Bardi amjengee jumba la makumbusho ya sanaa katika mji wa São Paulo. Jumba hilo, MASP kwa ufupisho wa Kireno, lilifunguliwa mwaka 1947 ndani ya jengo la ofisi za magazeti hayo hayo. Lina ndiye aliyezipanga kumbi zake.

Brazil ilimfungua macho. Aliwaona watu wakilala katika machela zilizofungwa ncha mbili, katika nyumba na katika mashua za mitoni, akatambua kwamba hapo palikuwa na kitanda na kiti kwa wakati mmoja, kinachoufuata mwili badala ya kuulazimisha. Kuanzia mwaka 1948, akiwa na Giancarlo Palanti, alitengeneza viti vya mbao za nchini humo na ngozi iliyoning'inizwa kwa mtindo wa machela. Aidha, hakuwa ameusahau uhariri. Mwaka 1950 alianzisha Habitat, jarida ambamo nyumba za kisasa na kazi za mikono za watu wasiojulikana majina ziliwekwa bega kwa bega.

Nyumba yake ya kwanza aliijenga mwaka 1951, ndiyo ile Nyumba ya Kioo, kwenye kilima cha Morumbi, nje ya São Paulo ya wakati huo, mahali palipokuwa shamba la majani ya chai. Sebule yake imeinuliwa juu ya nguzo nyembamba na kuzungushiwa kioo, na katikati umeachwa uwazi ili mti upite kwenda juu. Picha zake zimechapishwa duniani kote. Lakini picha nyingi hupigwa kutoka upande wa mbele. Ukizunguka nyuma utakuta kuta nzito nyeupe, na ndani yake jiko na vyumba vya watumishi. Kioo kilikuwa cha wenye nyumba. Waliopika na kufua walikaa nyuma ya ukuta, kama ilivyokuwa desturi katika nyumba za matajiri wa Brazil. Mwandishi huyu hasemi hayo ili kumshusha Lina hadhi. Nyumba hiyo ni nzuri kupindukia. Ila ni nyumba ambayo ingefaa kurasa za jarida la Milan bila kubadilishwa chochote, na yaelekea hata mwenyewe hakuridhika kukomea hapo.

Mwaka 1958 alialikwa Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, kaskazini-mashariki mwa Brazil, ambako wakazi wengi ni wazao wa Waafrika waliovushwa bahari katika minyororo. Huko alihariri ukurasa wa utamaduni katika gazeti la mji, na mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho mapya ya sanaa. Alipewa jengo la kale lililokuwa limechakaa ukingoni mwa ghuba, Solar do Unhão, lenye maghala na kikanisa. Badala ya kulivunja alilifufua. Ndani yake alijenga ngazi ya mbao ambayo vipande vyake vimeshikana kwa kupenyezwa na kukazwa kwa vigingi, bila msumari, kwa ufundi ulioazimwa kwa waunda mikokoteni ya ng'ombe. Msanifu aliyesoma Rome alikwenda kujifunza kwa fundi wa mikokoteni. Ngazi ile ingali pale, na wanafunzi wa usanifu husafiri kwenda kuiona.

Mwishoni mwa mwaka 1963 alifungua hapo maonyesho yaliyoitwa Nordeste. Hayakuwa na picha za kuchorwa za mabwana wakubwa. Yalikuwa na mitungi, sanamu za nadhiri, mablanketi ya viraka, na koroboi zilizoundwa kwa mikebe na balbu zilizoungua. Koroboi haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kenya. Lina aliviweka vitu hivyo katika ukumbi wa makumbusho, si kwa kuvionea huruma wala kuvigeuza kumbukumbu za watalii, bali kwa kuwa aliona ndani yake akili ya watu wanaosanifu maisha yao kwa kile kilichotupwa na wengine. Miezi michache baadaye, mwaka 1964, wanajeshi walipindua serikali. Lina aliondoka Salvador. Mwaka 1965 maonyesho hayo yalipokuwa yafunguliwe Rome, serikali ya Brazil iliagiza yasitishwe. Inafaa kuliuliza swali moja hapa: ni nini kilichoiogopesha dola katika vyungu na koroboi?

Wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa ikiendelea polepole São Paulo, ikisimama na kuanza tena. Ni jengo jipya la MASP, lililosanifiwa tangu mwaka 1957 katika barabara kuu ya Avenida Paulista. Hapo zamani palikuwa na jukwaa ambapo wakazi walikwenda kuutazama mji bondeni. Lina hakutaka kuwaziba macho. Akishirikiana na mhandisi José Carlos de Figueiredo Ferraz, alilitundika jengo zima kwenye mihimili mikubwa ya zege inayoshikwa na nguzo nne tu za pembeni, likawa limeinuka kiasi cha mita 8 kutoka ardhini. Chini yake pakabaki uwanja mtupu wenye upana wa mita 70 hivi, usio na nguzo hata moja katikati. Nimetafuta neno la Kiswahili la kuuitia uwanja huo, na naona baraza ndilo linalofaa kuliko mengine: mahali palipo sehemu ya nyumba ilhali si ndani ya nyumba, ambapo mpita njia huketi bila kubisha hodi. Jengo lilifunguliwa Novemba 1968, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza akiwepo. Mwezi uliofuata serikali ya kijeshi ikatoa amri iliyofunga bunge na kuukaza mkono wake dhidi ya mikutano na maandishi. Basi baraza la watu wote likazaliwa katika mwaka ambao watu wawili wakisimama pamoja walitiliwa shaka. Katika miongo iliyofuata, watu wa São Paulo waliugeuza uwanja huo kituo kikuu cha maandamano yao.

Miaka karibu kumi baada ya hapo hakupata ujenzi wa maana. Kisha mwaka 1977 shirika la SESC, linaloendeshwa kwa michango ya waajiri wa sekta ya biashara kwa manufaa ya wafanyakazi, lilimkabidhi kiwanda kikuukuu cha mapipa katika mtaa wa Pompéia. Alipokwenda kukitazama siku ya mapumziko aliwakuta watoto wakicheza mpira, akina mama wakitayarisha chakula, wazee wakizungumza chini ya paa linalovuja. Watu walikuwa wameshakihamia. Aliamua kwamba kazi yake ilikuwa kutowafukuza. Kiwanda hakikubomolewa. Aliondoa lipu ili matofali yaonekane, akaweka meko ya kuotea moto, akachimba kijito cha maji ndani ya ukumbi, akatandaza maktaba, karakana na mkahawa. Nyuma alisimamisha minara miwili ya zege ya michezo, iliyounganishwa kwa madaraja ya juu, na mmoja kati yake una madirisha yaliyotobolewa ovyo mfano wa pango. Kwa miaka hiyo ofisi yake ilikuwa pale pale uwanjani, pamoja na wasaidizi wake vijana. Kituo kilianza kutumika mwaka 1982, na minara ikakamilika mwaka 1986. Alikuwa na miaka sabini na ushei.

Tukumbuke alikotoka. Meko, viti, kona ya kusomea, maji yanayopita sakafuni: hizi ndizo zilizokuwa kurasa za Stile na Domus, ndoto za sebule ya familia moja yenye fedha. Pompéia alivichukua vitu hivyo hivyo akaviweka ambapo karani, mfua nguo na mjukuu wake wangevikalia bila kulipa. Ukuta uliowatenga watumishi katika Nyumba ya Kioo haupo hapo.

Utawala wa kijeshi ulikuwa umekwisha mwaka 1985, naye akaitwa tena Salvador. Katika mtaa wa kale wa Pelourinho alitengeneza Nyumba ya Benin, iliyofunguliwa mwaka 1988 ili kuonyesha uhusiano wa Bahia na Afrika Magharibi. Nguzo za zege za ndani alizivika ukili wa minazi. Alisanifu pia nyumba ya Brazil ya kujengwa Ouidah, nchini Benin, ili safari iwe na pande mbili.

Alifariki tarehe 20 Machi 1992, katika Nyumba ya Kioo. Sifa kubwa zilikuja baadaye: tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya usanifu ya Venice alipewa mwaka 2021, akiwa kaburini kwa karibu miaka thelathini. Kabla ya hapo mambo hayakuwa shwari. Katika MASP alikuwa amezisimamisha picha juu ya vioo vilivyochomekwa katika vitalu vya zege, bila ukuta, zikaonekana kama umati wa watu waliosimama ukumbini. Jina la mchoraji lilikuwa nyuma ya picha, ili mtazamaji aangalie kwanza, asome baadaye. Mwaka 1996 wasimamizi wa wakati huo waliviondoa vioo hivyo na kujenga kuta za kawaida, na picha zikatundikwa kwa mpangilio uliozoeleka. Mwezi Desemba 2015 kuta zikaondolewa. Vioo vikarudishwa mahali pake.