Valery Legasov na Kazi ya Chernobyl

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hebu tumtazame mtu ambaye elimu yake ilikuwa kubwa, lakini bado alihitaji wenzake.

Valery Legasov alizaliwa tarehe 1 Septemba 1936 mjini Tula, Urusi. Alisomea kemia akabobea, hata akawa naibu wa kwanza wa mkurugenzi wa Taasisi ya Kurchatov, Moscow.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Aprili 1986, kinu nambari 4 cha umeme wa nyuklia kililipuka huko Chernobyl, Ukraine, wakati huo ikiwa sehemu ya Muungano wa Sovieti. Jioni yake Legasov alikuwa amekwisha fika pamoja na tume ya serikali. Kinu kilikuwa kikiwaka na kutoa mionzi. Mionzi haionekani wala hainuki, lakini inaua. Huo si mchezo!

Kesho yake wakazi wa mji jirani wa Pripyat, zaidi ya 45,000, walihamishwa kwa mabasi. Wanakemia na wanafizikia wakakaa kitako kushauriana. Marubani wa helikopta wakamwaga takriban tani 5,000 za mchanga, udongo wa mfinyanzi, madini ya risasi, na boroni ya kumeza nyutroni. Baadaye ilibainika kuwa sehemu kubwa haikuangukia kiini cha kinu. Hawakufa moyo. Wachimba migodi walichimba njia chini ya kinu, askari wakaondoa vifusi, na kufikia Novemba 1986 wajenzi walikuwa wamekifunika kinu kwa zege na chuma. Watu wapatao 600,000 walishiriki usafishaji huo kwa miaka kadhaa.

Agosti 1986 Legasov aliwaeleza wataalamu wa dunia mambo hayo mjini Vienna kwa saa tano. Alisema mengi, ingawa kasoro za muundo wa kinu hazikutajwa zote. Aliporudi alizidi kudai usalama wa vinu, na wakubwa wengi hawakupendezwa. Afya yake nayo ilikuwa imeharibiwa na mionzi. Alijitoa uhai tarehe 27 Aprili 1988, akiwa na miaka 51 tu. Mwaka wa 1996 Urusi ilimtunukia cheo cha Shujaa.

Wanafunzi wenzangu, uchafu wa mionzi huondolewa kwa mikono mingi, lakini uchafu wa kuficha makosa huondolewa kwa kusema kweli. Tusiogope kuisema.