Maisha ya Agner Krarup Erlang, Mwalimu Aliyeipima Foleni

Agner Krarup Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari, 1878, katika kijiji cha Lønborg, nchi ya Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani mjini Copenhagen, ingawa ilibidi apewe ruhusa maalum kwa udogo wake. Kisha akarudi nyumbani kumsaidia baba yake kufundisha.

Mwaka 1896 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, na mwaka 1901 akapata shahada ya hesabu. Akafundisha shuleni miaka saba. Katika chama cha wanahesabu alijuana na Johan Jensen, injinia mkuu wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, na mwaka 1908 akaajiriwa huko.

Kazi aliyoikuta ilikuwa ngumu. Wapigaji simu walikuwa wengi, na waya za kuwaunganisha zilikuwa chache. Waya zikipungua, watu hungoja au hukosa kabisa. Zikizidi, fedha hupotea bure. Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba, ijapokuwa kila mtu hupiga simu apendapo, simu nyingi kwa pamoja hufuata kanuni ya hesabu. Mwaka 1917 alitoa kanuni za kujua ni simu ngapi zitakosa nafasi, na nyingine zitangoja muda gani. Idara ya Posta ya Uingereza ikazitumia.

Hakuwa mtu wa mezani tu. Alizunguka mitaa ya Copenhagen pamoja na mfanyakazi aliyebeba ngazi, akishuka mashimoni kupima waya za simu. Hakuoa. Alipenda vitabu, na maskini waliomwendea hawakurudi mikono mitupu. Alifariki tarehe 3 Februari, 1929, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 kipimo cha wingi wa simu kikapewa jina lake, erlang.

Siku hizi sauti, barua na picha hupita pamoja katika swichi za mtandao, zimekatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Njia ikijaa, pakiti hupanga foleni. Erlang hakuweka utaratibu wa nani atangulie. Huo walikuja kuutunga wengine baadaye. Pakiti huweza kutiwa alama, kuanzia 0 hadi 7, na fundi huiamuru swichi itangulize sauti, maana barua ikichelewa sekunde moja haidhuru, lakini sauti ikichelewa maneno hukatika. Hata hivyo, kutanguliza hakuongezi upana wa njia. Wote wakitangulizwa, hakuna aliyetangulia. Na mmoja akipendelewa daima, wengine huweza kukosa nafasi ya kupita. Kwa hiyo fundi mwema kwanza hupima, kisha huwekea kila foleni fungu lake.

Ndugu wasomaji, apangaye foleni pasipo kuipima huwadhulumu walio nyuma. Erlang alianza kwa kupima.