Mtumishi Aliyemwambia Mfalme Kweli

Wako Wakristo wadhanio ya kuwa unyenyekevu ni kunyamaza, na ya kuwa asemaye kweli mbele ya wakubwa sharti awe mwenye kiburi. Sisi hatukubali. Twawaletea leo maisha ya Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kuuawa kati ya Wafiadini Wakatoliki wa Uganda.

Alikuwa bado kijana alipoingia kumtumikia Kabaka Mutesa. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879, na Padre Simeon Lourdel akambatiza Yosefu tarehe 30 Aprili 1882. Kabla ya mwaka ule kwisha mapadre waliondoka, wakahamia kusini ya Ziwa Victoria, wasirudi hata mwaka 1885. Siku hizo zote Yosefu ndiye aliyewakusanya Wakristo wenzake wa jumba la mfalme, akawafundisha na kuwatia moyo.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Mwanawe Mwanga alipotawala alimfanya Yosefu msimamizi wa watumishi wa nyumbani mwake. Cheo hicho hakikumlevya. Aliwakinga vijana waliokuwa chini yake na tamaa mbaya za bwana wao. Tena aliposikia kwamba wakubwa fulani wanakula njama juu ya Mwanga, alimwonya. Mfalme hakuwa na mtumishi mwaminifu kuliko yeye.

Ndipo ikatokea habari ya Askofu James Hannington, Mwanglikana, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki. Mwanga, akiogopa wageni watakaoinyakua nchi yake kutoka upande ule, aliamuru auawe; naye akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Askofu huyo hakuwa wa Kanisa letu, na Yosefu angaliweza kukaa kimya pasipo kulaumiwa na mtu. Lakini alimwendea bwana wake, akamlaumu uso kwa uso kwa damu ya mtu asiye na hatia, akamkumbusha kwamba Mutesa baba yake hakutenda hivyo. Hakumtukana, wala hakuwachochea watu wamwasi.

Mwanga alighadhibika, na Katikiro, aliyemchukia Yosefu tangu zamani, akazidi kuutia moto kuni. Tarehe 15 Novemba 1885 alipelekwa Nakivubo auawe. Alikataa kufungwa kamba, kwani hakuwa na nia ya kukimbia. Alimpelekea mfalme salamu za msamaha, pamoja na onyo kwamba atubu. Akakatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto. Usiku ule Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake, alibatizwa. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wafiadini hao 22 kuwa watakatifu.

Wasomaji wapenzi, sisi nasi tunao wakubwa wetu: baba wa nyumba, mzee wa ukoo, mkuu wa kazi, hata padre wa parokia. Wakikosa, mara nyingi twanong'ona jikoni na barabarani, na mbele yao twacheka na kuitikia. Yosefu alitumika kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo hakuweza kumwacha bwana wake apotee. Basi, juma hili, kama iko kweli tunayodaiwa na mtu, tumwendee mwenyewe, tumwambie kwa heshima, tukiwa tumekwisha kumsamehe kabla ya kufungua kinywa.