Daktari John Kirk: Miaka Ishirini katika Kisiwa cha Unguja

Hakuna mwanafunzi aliyepita katika madarasa yetu bila kufundishwa habari za Mangungo wa Msovero na mkataba alioupata kwake Karl Peters mwaka 1884. Kwetu sisi wa Dakawa habari hizo si za mbali, maana Msovero, ambayo siku hizi huandikwa Msowero, ni jirani yetu kwa upande wa Kilosa. Lakini wakati Peters alipokuwa akizunguka huku bara na karatasi zake, kule Unguja alikuwako Mwingereza mmoja aliyekuwa mshauri mkubwa wa Sultani, mtu aliyekwisha kuishi kisiwani miaka kumi na minane. Mwaka uliofuata mtu huyo alipewa kazi ya kumshawishi Sultani aziachilie nchi hizi zetu. Jina lake John Kirk. Katika vitabu vya shule hutajwa kwa mistari miwili mitatu tu, kwa hiyo inafaa vijana walioko madarasani, na wale wenzetu waliokwisha kusahau masomo ya historia, wapate kumjua zaidi kidogo.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, karibu na mji wa Arbroath huko Uskoti. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Wakati huo vita vya Crimea vilikuwa vimewaka, naye akapelekwa Uturuki kuhudumu katika hospitali ya majeruhi. Huko, kila alipopata nafasi, alitoka kwenda milimani kuchuma majani na maua na kuyakausha baina ya karatasi. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote, na ndiyo iliyomfikisha Afrika.

Mwaka 1858 David Livingstone alikuwa akitafuta watu wa kufuatana naye katika safari ya mto Zambezi. Kirk alichukuliwa awe daktari wa msafara na mtaalamu wa mimea. Ilikuwa safari ya taabu nyingi. Mashua yao ya mvuke ilikuwa mbovu, wenzao walikufa kwa homa, na Livingstone mwenyewe hakuwa mtu mwepisi kuishi naye. Hata hivyo mwezi Septemba 1859 Kirk alikuwa pamoja naye walipofika ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata, katika maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Yeye aliponea chupuchupu, lakini madaftari yake ya mimea pamoja na michoro mingi aliyoichora kwa mkono vilichukuliwa na maji. Kazi ya miaka miwili ikapotea kwa dakika chache. Aliirudia. Aliporudi kwao mwaka 1863 alikuwa amedhoofu kwa maradhi, na hakuwa na kazi.

Kwa msaada wa Livingstone alipata kazi ndogo ya udaktari katika ubalozi wa Uingereza Unguja. Alifika mwaka 1866, Seyyid Majid akitawala. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa mji wa biashara kubwa: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, na watumwa. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakaondoka na kusi. Ulikuwa pia mji mchafu, wenye homa na maji mabaya, na wageni wengi wa Kizungu walihesabu siku zao za kuondoka. Kirk hakuzihesabu. Mwaka 1867 alimwoa Bibi Helen Cooke, wakafanya makazi yao papo hapo kisiwani, wakapata watoto, na mtu aliyeajiriwa kutibu wagonjwa wa ubalozi akawa mkazi wa Unguja.

Hapo ndipo sehemu ya maisha yake inayomfaa zaidi kijana wa shule. Jioni na siku za mapumziko Kirk hakukaa barazani kama walivyofanya wenzake. Alitoka kwenda mashambani na misituni kwa miguu, au alitweka tanga akaenda kuzungukia pwani ya bara. Maili chache kusini mwa mji, mahali paitwapo Mbweni, alijenga nyumba ya shamba na kupanda bustani ya majaribio. Humo aliotesha mimea aliyoletewa kutoka ng'ambo, na kutoka humo alipeleka mbegu na mimea yetu kwenye bustani kuu ya Kew, London.

Mfano mmoja wa uchunguzi wake ni sandarusi. Watu wa Mrima walikuwa wakiichimba ardhini na kuiuza ikapelekwe Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Wanunuzi wa huko walibishana imetoka wapi, maana mahali pengi ilipochimbwa hapakuwa na mti wa namna hiyo. Kirk aliuendea mti wenyewe, msandarusi, pale ulipokuwa bado unaota, akalinganisha utomvu wake na ule wa kuchimbwa, ambao mara nyingi huwa na majani na wadudu walionaswa ndani yake. Akaonyesha kwamba ile ya ardhini ni utomvu wa misitu ya namna ile ile iliyokwisha kutoweka zamani. Hakuwa na mitambo. Alikuwa na miguu, macho, na subira.

Tena kuna habari ya mpira. Kirk aliutambua mmea mmoja utambaao juu ya miti katika misitu ya bara, wa jamii ya mbungo ambao matunda yake wengi wetu tumeyala, kuwa unatoa mpira mzuri. Wataalamu waliupa mmea huo jina lake. Biashara ya mpira wa pori ikakua upesi pwani yote, na watu wengi wakapata fedha kwa kugema, ingawa mara nyingi waligema hata mmea ukafa. Mwaka 1884 alipeleka Kew lile ua dogo la zambarau ambalo leo linapandwa katika vyungu madirishani mwa Wazungu dunia nzima. Sampuli yake haikuwa nzuri, likakaa bila kupewa jina, na heshima ikamwendea Mjerumani aliyelipeleka baadaye kutoka Usambara. Ndugu za ua hilo wanaota pia katika milima yetu ya Uluguru, penye mawe yenye unyevu. Anayepanda huko na aangalie anapokanyaga.

Kuhusu wanyama, yule kima mwekundu wa Unguja, ambaye wenyeji humwita kima punju, alitambulishwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1868 kwa vielelezo alivyopeleka Kirk, naye akaitwa kwa jina lake. Kwa asili mnyama huyo ni wa Unguja tu, na anayetaka kumwona aende msitu wa Jozani. Kuna na digidigi aliyepewa jina la Kirk vile vile.

Lakini msomaji asidhani kwamba maisha ya kisiwani yalikuwa matembezi tu. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua watu kwa maelfu. Tarehe 15 Aprili 1872 ikaja tufani ambayo haijapata kuonekana tena. Majahazi bandarini yalivunjika, minazi ikang'oka, na sehemu kubwa ya mashamba ya mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Mwezi ule ule huku kwetu mto Ngerengere ulifurika ukachukua upande wa ukuta wa Simbamwene, mji ambao ndio chimbuko la Morogoro, pamoja na nyumba nyingi.

Habari ya mafuriko hayo tumeipata kwa Henry Stanley, ambaye ndiye aliyemtia Kirk katika fedheha kubwa. Stanley alipita Simbamwene mwezi Aprili 1871 akimtafuta Livingstone, akapambana na matope ya Mkata wakati wa masika. Alipomkuta Livingstone huko Ujiji, mzee yule alikuwa hana kitu. Bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja zilikuwa zimefujwa au zimechelewa. Msimamizi wa kuzipeleka alikuwa Kirk, aliyekuwa akikaimu ubalozi. Stanley aliporudi alitangaza Uingereza yote kwamba Kirk alikuwa amemtupa rafiki yake. Alisema wapagazi walikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu, na kwamba Kirk alipovuka kwenda huko mwezi Februari 1871 alikwenda kuwinda, wala si kuusukuma msafara.

Je, ilikuwa kweli? Kwamba msafara ulikaa Bagamoyo ni kweli. Kwamba Kirk alipenda kuwinda ni kweli pia. Lakini aliyeishi pwani wakati ule alijua ilivyokuwa vigumu kupata wapagazi, hasa baada ya kipindupindu kuwamaliza, na Kirk alipofika Bagamoyo msafara uliondoka. Serikali yake ilichunguza ikamwona hana hatia. Livingstone, hata hivyo, alikuwa amekwisha kumwandikia maneno makali, akafa mwaka 1873 kabla hawajaonana tena. Tunaona Stanley alimwonea, ingawa balozi mwangalifu angaliweka mtu wake Bagamoyo mapema zaidi.

Mwaka huo huo wa 1873 ndio uliomletea Kirk sifa. Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumtaka Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa; tufani ilikuwa imemwangusha kiuchumi, na Waarabu wenye mashamba walikuwa nyuma yake. Frere akaondoka mikono mitupu. Ndipo Kirk alipoletewa amri kwamba Sultani asipokubali, manowari zitaizunguka Unguja. Alikwenda kwa Barghash mara kwa mara, akisema naye kama mtu anayemfahamu, lakini akiwa na tishio lile mkononi. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Mahali pale pakajengwa kanisa kuu la Waanglikana.

Mambo haya mawili yasichanganywe. Soko lilifungwa, bali utumwa wenyewe haukwisha. Sheria ya kuuondoa Unguja ilitoka 1897. Wafanyabiashara nao waliacha bahari wakawaswaga mateka kwa nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, hata Barghash akalazimika kupiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Waliofaidika kwanza walikuwa wale ambao hawakukamatwa, na hao ni watu wa bara, mababu zetu wakiwamo.

Baada ya hapo Kirk na Barghash wakawa kama watu wa nyumba moja. Mwaka 1875 walikwenda pamoja Uingereza. Sultani hakufanya jambo kubwa bila kumwuliza balozi, na Kirk naye aliamini kwamba mamlaka ya Sultani yakiimarishwa bara, mataifa mengine ya Ulaya hayatapata nafasi. Hapa palikuwa na kasoro kubwa. Mamlaka hayo yalikuwa makubwa kwenye karatasi na madogo katika vijiji. Mzigua, Mnguu, Msagara na Mkami waliongozwa na wakubwa wao wenyewe, na hakuna aliyewauliza, si Barghash wala Kirk.

Novemba 1884 Peters alifika Unguja kimyakimya, akavuka kwenda Saadani, akaingia bara. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na karatasi zilizodai nchi za Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami, ndiyo kusema nchi yote inayozunguka Dakawa, na Mto Wami ndani yake. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akazitia chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga. Kirk alijua karatasi zile hazina maana, akaandika London kueleza hivyo. Lakini serikali yake ilimhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri na ya Urusi, ikamwamuru asiwazuie Wajerumani. Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani, na aliyekwenda kumweleza Barghash kwamba Uingereza haitamsaidia ni yule yule rafiki yake wa miaka kumi na mitano. Barghash akakubali.

Angaliweza kujiuzulu. Hakujiuzulu; alikuwa mtumishi wa serikali yake kwanza, na rafiki baadaye. Mwaka 1886 aliondoka Unguja moja kwa moja. Mnamo tarehe 1 Novemba mwaka huo Uingereza na Ujerumani zikagawana bara, Sultani akaachiwa ukanda wa maili kumi tu wa pwani. Barghash alifariki mwezi Machi 1888.

Kirk aliishi miaka mingi baada yake. Aliiwakilisha Uingereza katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliohusu biashara ya watumwa, mwaka 1895 akatumwa mto Niger kuchunguza mapigano ya huko, kisha akaongoza kamati ya kujenga reli ya Uganda. Siku zake za mwisho alikaa Sevenoaks, kusini mwa Uingereza, akitunza bustani. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, mwenye umri wa miaka 89. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa huku kwetu, na nchi ile aliyoambiwa aiachilie ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ikiitwa Tanganyika.