Audrey Richards, mama aliyepima chakula cha kijiji

Shamba tunalijua kwa panga na jembe. Yuko mama mmoja aliyelijifunza kwa mizani na kalamu, na habari zake zinatufaa.

Audrey Richards alizaliwa London tarehe 8 mwezi wa 7, 1899. Alisoma elimu ya viumbe kule Cambridge, kiisha akajifunza desturi za watu kwa profesa Malinowski, London.

Mwaka wa 1930 alikwenda Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwa Wabemba, ambao ndugu zao wengine wako kwetu upande wa Katanga. Akarudi tena 1933. Wazungu wengi kule walisema Wabemba ni wavivu. Yeye hakusadiki hivi hivi. Alijifunza lugha yao, akahama kijiji kwa kijiji, akaandika nani amefanya kazi gani, akapima chakula, akaangalia nani anakula pamoja na nani.

Wabemba walilima namna hii: wanaume wanapanda juu ya miti na kukata matawi, wanawake wanayabeba na kuyarundika, moto unayachoma kabla ya mvua, ulezi unapandwa ndani ya majivu. Ule ulezi ndio bugali yao. Lakini kila mwaka, mbele ya mavuno mapya, ghala zilikuwa tupu. Mama huyu aliona kwamba mtu anayekula kidogo vile anafanya kazi kidogo, maana nguvu imekwisha. Tena wanaume wengi walikuwa wamekwenda kwenye migodi ya shaba. Nani sasa akate matawi? Njala ya nyumbani ilikuwa na mzizi mpaka kule mgodini.

Hayo aliyaandika katika kitabu kikubwa cha 1939, juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba. Kutoka 1950 mpaka 1956 aliongoza chuo cha uchunguzi kule Makerere, Uganda. Alikufa mwezi wa 6, 1984. Miaka kumi nyuma yake, mwaka wa 1994, Henrietta Moore na Megan Vaughan walitoa kitabu juu ya kazi yake. Walionyesha kwamba mambo hayakuharibika yote kama alivyoogopa: wanawake walitafuta njia nyingine, kama kulima mihogo.

Sisi wa Tshopo pia tunakata pori, tunachoma, tunapanda mihogo na mpunga, na vijana wanaacha shamba kwenda kuchimba almasi. Basi kabla ya kumwita mwanakijiji mvivu, tuulize amekula nini na nani amebaki kumsaidia. Na mwenzetu anayesinzia darasani, kabla ya kuandika jina lake kwenye orodha ya adhabu, tumwulize kama asubuhi alipata kitu cha kula.